Fundo la Chumvi

Daktari wa Bombo alisema bila kuinua kichwa:
"Chumvi basi, mama." Akaandika, akaita mwingine.
Mwanamvua akatoka na karatasi mkononi
kama mtu aliyeandikiwa talaka.

Mimi ni fundi cherehani, Barabara ya Kumi na Moja.
Miaka thelathini na nne nililijua jiko kwa harufu tu.
Nikamwambia: kuanzia leo sufuria ni yangu.
Alicheka mpaka akashika mbavu,
kisha hakucheka tena wiki tatu.

Supu ya kwanza ilikuwa maji ya kuoshea kuku.
Ya pili alimmiminia paka,
na paka akaniangalia mimi.

Ilikuwa masika. Uchochoro wetu wa Makorora
umejaa maji hadi kizingitini,
mkaa umelowa, unalia badala ya kuwaka.
Mama Semboja, mtu wa Magoroto, akaniita juu ya ua:
"Shemeji, ulimi haulilii chumvi. Unalilia kazi.
Upe kazi."
Akanirushia tangawizi, udongo bado umeishika,
na pilipili manga iliyofungwa katika gazeti.
"Twanga, usikatekate.
Kitunguu kikaange kiwe rangi ya mwiko wako.
Na mifupa ichemke kama watu wanaosengenya,
si kama watu wanaogombana."

Nikasengenya na ile sufuria tangu adhuhuri hadi magharibi:
shingo na miguu ya kuku wa kienyeji,
mchaichai wa pale bombani, saumu punje saba.
Mwanamvua alikunywa. Jasho likamtoka puani.
Hakusema neno,
ila bakuli lilirudi tupu, na kijiko kimelambwa.

Kipupwe kilinikuta na boga la Muheza
lililolala chini ya kitanda tangu mwezi wa tano.
Kusi linapiga bati, magoti yake yanalalamika,
nami naponda boga na choroko hadi vishikane,
mbegu nazikaanga, nazisaga, nanyunyiza juu.
Alisema, "Tamu." Halafu, haraka, "Si mbaya."

Vuli sikuiweza.
Sare za shule zilinijaa mpaka kwenye pedali,
nikawa nachemsha mchicha na mlonge, basi, maji ya kijani.
"Umenifanya mbuzi," akasema, na alikuwa na haki.
Tulilala tukitazama kuta mbili tofauti.

Kaskazi likaja na joto lake;
hata mjusi ukutani anahema.
Nani anakunywa supu mwezi wa pili?
Nikajifunza iliyo nyepesi: kichwa cha changu,
nyanya mbili, embe mbichi, kotmiri ya mwisho mwisho,
ipoe kwanza, tuinywe uani baada ya isha,
yeye kavua kilemba, mimi kifua wazi.
Ukali wa embe ulikaa mahali pa chumvi
kama mdogo wa marehemu aliyerithi duka:
wateja walinung'unika, kisha wakazoea,
kisha wakasahau duka lilikuwa la nani.

Jana nilitoa kanga yake ya zamani sandukuni
niushone upindo uliofumuka.
Pembeni kulikuwa na fundo, limekazwa kwa meno.
Fundi huwezi kuliacha fundo.

Chumvi ya mawe. Kiasi cha ngumi ya mtoto.
Masika mbili zimeipitia humo;
imelowa, imekauka, imelowa,
imekuwa jiwe moja lenye alama za uzi wa kanga.
Nililigeuza kwenye mwanga wa dirisha.
Hakuna lilipomegwa.
Hakuna ukucha, hakuna kijiko, hakuna ulimi.

Nikalifunga tena vilevile, kushoto juu ya kulia,
nikakunja kanga kwa mikunjo yake ile ile.

Wingu limesimama juu ya Duga.
Natwanga tangawizi; kinu kinasikika hadi chumbani.
"Wewe," anaita, "leo usiijaze maji."
Nami najibu, "Haya,"
na macho yananiwasha, nasingizia kitunguu.